Zafarani, Vidonge na Swali la Mdogo Wangu

Mama mdogo hakutia kijiko ndani ya kichupa. Alikiinamisha juu ya kiganja, akakigonga kwa kidole, na nyuzi chache nyekundu zikadondoka, kisha akazifikicha kidogo na kuzimimina kwenye kikombe cha maziwa ya moto kilichokuwa kikimsubiri binti yake. Kichupa kilikuwa kimetoka Muscat kwa mkono wa ndugu aliyekuja harusini, na tangu kifike kilikuwa kikikaa kabatini pamoja na hati za nyumba.

Binti yake, ambaye kwangu ni mdogo wangu, alikuwa ameshamaliza arobaini. Mtoto alikuwa mzima na ananyonya vizuri. Aliyekuwa amepungua ni mama mtu: halali hata mtoto anapolala, analia bila sababu anayoweza kuitaja, na chakula alichokuwa akikipenda anakisogeza pembeni. Daktari alikuwa ameshaipa hali hiyo jina, sonona ya baada ya kujifungua, na akamwandikia vidonge vya kumeza kila asubuhi ambavyo mama anayenyonyesha anaweza kuvitumia.

Alisubiri mama yake atoke uani, ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, wewe unayasoma haya mambo. Nikiwa nakunywa hii, siwezi kuviacha vile vidonge?"

Nilimwambia aendelee na vidonge mpaka nitakapomjibu.

Hilo lilikuwa agizo tu, na yeye alikuwa ameomba jibu. Kwa wiki kadhaa swali lake lilinifuata kila nilipokaa kuandika jambo jingine, kwa sababu majibu mawili yaliyo tayari midomoni mwetu, kwamba hizo ni imani za wazee tu na kwamba dawa za hospitali ni kemikali tupu, yote mawili nilijua hayatoshi.

Kilichomo ndani ya uzi

Sitasimulia hapa namna zafarani inavyonukia kwenye biriani wala kwenye halua, maana msomaji wangu anajua. Kilichonishughulisha ni kwa nini kitu kidogo namna ile kidaiwe kuwa na nguvu yoyote mwilini.

Ua la zafarani, ambalo wataalamu huliita Crocus sativus, ni la rangi ya zambarau, huchanua majira ya vuli kwa wiki chache tu, na ndani yake mna nyuzi tatu nyekundu ambazo ndizo viungo. Mmea wenyewe hauzai mbegu. Hauwezi kuendelea kuwapo duniani bila binadamu kuyachimba matunguu yake na kuyapanda upya, nao unahitaji majira ya baridi ambayo visiwa vyetu vya karafuu havinayo. Sehemu kubwa mno ya zafarani ya dunia hutoka Iran, hasa mkoa wa Khorasan, na nyingine hutoka Kashmir, Afghanistan, Uhispania, Ugiriki na Moroko. Hutakiwa maua yapatayo 150,000 ili kupata kilo moja iliyokauka, na kila ua huchumwa kwa mkono.

Ndani ya nyuzi hizo kuna vitu vitatu vinavyotajwa kila mahali. Krosini ndiyo inayotoa rangi. Pikrokrosini ndiyo inayotoa uchungu ule wa ulimini. Safranali ndiyo harufu, na jambo la kupendeza ni kwamba uzi mbichi una safranali kidogo sana: huzaliwa wakati wa kukausha, pikrokrosini inapovunjika, hivyo zafarani iliyokaushwa vibaya hukosa harufu hata kama ilitoka kwenye shamba bora. Krosini nayo ina tabia isiyo ya kawaida katika jamii yake. Rangi za karoti na nyanya, ambazo ni ndugu zake wa kikemia, huyeyuka kwenye mafuta, lakini yenyewe huyeyuka kwenye maji, na ndiyo maana kikombe cha maji ya moto kinatosha kuitoa.

Kwa hiyo mama mdogo, kwa kuloweka, alikuwa akifanya jambo sahihi kikemia. Hilo peke yake halikunisaidia kumjibu mdogo wangu.

Furaha inayoua

Nilidhani madai ya zafarani kuondoa huzuni yalizaliwa kwenye matangazo ya siku hizi, lakini ni ya kale sana. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliiweka zafarani katika dawa zinazoufurahisha moyo, na katika Al-Qanun, kitabu chake cha tiba, akanukuu kauli iliyonifanya nisimame na kuisoma tena: kwamba inasemwa mithqali tatu za zafarani huua, na huua kwa kufurahisha kupita kiasi.

Mithqali tatu ni gramu kama 13 hivi.

Sijali sana kama kuna mtu aliyewahi kufa kwa furaha. Kilichonivutia ni kwamba tabibu wa miaka elfu moja iliyopita alifikiri kwa vipimo. Alijua kwamba kitu kile kile kina kiasi kinachosaidia na kiasi kinachodhuru, na akaona mpaka huo unastahili kuandikwa. Vitabu vya sumu vya leo havikubaliani naye kuhusu furaha, ila havipishani naye sana kuhusu uzito: kiasi cha hadi gramu moja na nusu kwa siku huhesabiwa kuwa hakina madhara makubwa kwa mtu mzima, kuanzia gramu 5 hutajwa kuwa ni sumu, na gramu 20 hutajwa kuwa zinaweza kuua. Anayesambaza ujumbe wa sauti kwamba zafarani "haina madhara kwa kuwa ni ya asili" hajafika hata alipofika Ibn Sina.

Miligramu 30

Kisha nikayafikia majaribio, na hapa ndipo msimamo wangu ulipotikisika.

Mwaka 2004 watafiti wa Tehran walichapisha jaribio la wagonjwa 30 wenye sonona ya kiasi kidogo hadi cha kati. Nusu walipewa zafarani, miligramu 30 kwa siku, na nusu wakapewa imipramini, dawa ya zamani ya sonona, miligramu 100 kwa siku, kwa wiki 6, bila mgonjwa wala mpimaji kujua nani anameza nini. Mwishoni, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na tofauti kati yao haikuonekana. Mwaka 2005 likaja jaribio la wagonjwa 40 lililoilinganisha zafarani na fluoksetini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Prozac, na matokeo yakafanana. Mwaka huo huo zafarani ikalinganishwa na kidonge kisicho na dawa yoyote ndani, na zafarani ikashinda. Baadaye yakaja majaribio mengine, yakiwamo ya akina mama waliojifungua.

Nilitarajia kukuta porojo. Nilikuta kazi halisi, yenye kipimo, muda na kundi la kulinganisha.

Kwa siku chache nilikuwa karibu kumwandikia mdogo wangu kwamba mama yake ana haki. Kilichonizuia ni kurudi na kusoma polepole, sehemu ile ambayo vichwa vya habari huiruka.

Kwanza, ukiwa na watu 15 kila upande, kutoona tofauti hakumaanishi kwamba tofauti haipo. Huenda ipo, ila kundi ni dogo mno kuionesha. Ili kusema dawa mbili zina nguvu sawa, unahitaji watu wengi zaidi ya hapo, na wiki 6 ni muda mfupi kwa ugonjwa ambao hupoa na kurudi. Pili, majaribio mengi yalifanyika nchi moja, mengi yakitoka katika mduara ule ule wa watafiti, na ingawa hilo si kosa, ni sababu ya kusubiri wengine mahali pengine wapate matokeo yale yale kwa wingi. Tatu, wagonjwa walikuwa wa kiwango kidogo na cha kati. Mtu ambaye ameanza kuwaza kujidhuru hakuwamo katika hesabu hiyo, na hakuna mstari hata mmoja unaomhusu.

La nne ndilo lililoniumiza kichwa zaidi. Zafarani ya majaribio hayo haikuwa nyuzi za kabatini. Katika majaribio ya awali nyuzi zilisagwa, zikakamuliwa kiini kwa alkoholi, kiini kikakaushwa na kutiwa kwenye vidonge vyenye uzito unaojulikana. Mgonjwa wa leo na mgonjwa wa kesho walimeza kitu kilicho sawa.

Nikajaribu kupiga hesabu ya jikoni. Ikiwa maua 150,000 hutoa kilo moja, ua moja hutoa karibu miligramu 6.7, na kila uzi mkavu una miligramu 2 na kidogo. Miligramu 30 basi ni nyuzi 13 au 14. Nilimwomba mama mdogo anitilie kiganjani kiasi anachotumia, nikahesabu: mara ya kwanza zilikuwa 6, mara ya pili 22, na kila mara yeye aliita kiasi hicho "kidogo". Hata kama nyuzi zingekuwa sawa na kile kiini, jambo ambalo si kweli, mdogo wangu alikuwa akipata leo nusu ya kipimo na kesho kimoja na nusu.

Macho, hedhi na mengineyo

Nitayapita haya haraka. Watafiti wa Italia walichapisha mwaka 2010 jaribio la watu 25 wenye hatua za mwanzo za uchakavu wa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, unaoletwa na uzee, wakiwapa miligramu 20 kwa siku kwa miezi 3, na wakaona retina inaitikia mwanga vizuri zaidi. Kuna jaribio la mwaka 2008 lililoonesha nafuu ya maumivu na hasira za kabla ya hedhi, na la mwaka 2010 lililoilinganisha zafarani na donepezili, dawa ya hospitali, kwa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Yote yanatia moyo, na yote ni madogo.

Kuhusu saratani, kinachosambazwa kwenye simu zetu kinatokana na seli zilizokuzwa kwenye vyombo vya maabara na panya. Anayemwambia mgonjwa wa saratani aache matibabu kwa sababu hiyo anafanya jambo baya, na sioni haja ya kulipamba neno hilo.

Mtoto mweupe

Hapa lazima nisimame, kwa sababu nilikuta chupa ile ile ikitajwa kwa kazi nyingine. Jirani wa mama mdogo, mwenye mimba changa, alikuwa ameomba "nyuzi mbili tatu" za kunywa na maziwa ili mtoto atoke mweupe. Imani hiyo ina nguvu sana India, na pwani yetu imeipokea bila kuuliza maswali.

Rangi ya mtoto huamuliwa na vinasaba vya wazazi wake wawili. Hakuna kinywaji kinachoingia katika uamuzi huo. Nyuzi mbili au tatu ndani ya chakula hazijulikani kumdhuru mjamzito, lakini zafarani nyingi husisimua mfuko wa uzazi, na tangu zamani wanawake wameitumia kwa makusudi ili kutoa mimba. Mtu anayeamini kwamba nyuzi mbili zinang'arisha hakawii kuamini kwamba gramu mbili zinang'arisha zaidi. Nami nauliza tu, ingawa si mada ya leo, ni nani aliyetuambia kwamba mtoto wetu akizaliwa na rangi ya babu yake kuna kitu cha kurekebisha.

Kombe

Zafarani ina kazi moja ya tiba huku kwetu ambayo majaribio ya Tehran hayaihusu. Nilipokuwa mtoto, mwalimu wetu wa chuo cha Qurani alikuwa akiloweka zafarani kwa marashi mpaka apate wino wa rangi ya dhahabu, kisha anachovya kalamu ya mwanzi na kuandika aya juu ya sahani nyeupe ya kauri, mstari baada ya mstari, akiizungusha sahani polepole ili maneno yafuate ukingo. Wino ukikauka unabaki umekwajuka kwenye kauri, mwembamba katikati ya herufi na mzito pale kalamu ilipotulia. Kisha sahani inaoshwa kwa maji safi, maji yale yanatiwa kwenye chupa, na mgonjwa anakunywa. Hilo ndilo kombe.

Nilijiuliza iwapo kombe lingeweza kuwa ndilo lililowafundisha wazee wetu kwamba zafarani inatuliza roho. Baada ya kulifikiria sana, naona hapana. Zafarani iliyomo kwenye sahani moja ni ndogo mno, na wapo waandishi wa kombe wanaotumia rangi ya chakula kwa kuwa zafarani ni ghali, na wanaokunywa hawaoni kwamba wamepunjwa, kwani wanachokunywa ni maneno. Hilo ni suala la imani, lina adabu zake na wenyewe. Kosa ni kuichukua heshima ya kombe na kuibandika kwenye pakiti ya dukani yenye picha ya ubongo unaong'aa.

Je, ni zafarani kweli?

Mpaka hapa nimeandika kana kwamba kilichomo kwenye kichupa kinajulikana. Mara nyingi hakijulikani.

Kitu ghali namna hii hakijawahi kukosa waghushi. Katika karne ya 15 mji wa Nürnberg, huko Ujerumani, uliwachoma moto watu waliokutwa wakiuza zafarani iliyochanganywa, na bado waghushi hawakwisha. Leo hutumika petali za kartamu, mmea wa jamii ya alizeti, ndevu za mahindi zilizopakwa rangi, na hata nyuzi za njano za ua lile lile la zafarani zilizopakwa rangi ili zipite kama nyekundu. Iliyosagwa huchanganywa na manjano au pilipili nyekundu, na jicho halina njia ya kuitambua. Watalii wanaotembezwa mashamba ya viungo Unguja hurudi kwao na pakiti za unga wa njano zenye neno zafarani, wakati kisiwa hakina hata ekari moja ya ua hilo.

Maabara hupima ubora kwa kupitisha mwanga kwenye maji ya zafarani, kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 3632, na kusoma nguvu ya rangi, uchungu na harufu. Jikoni tuna kipimo kidogo zaidi. Tulikifanya mimi na mama mdogo kwa glasi mbili: moja tukatia nyuzi za Muscat, nyingine tukatia nyuzi nilizonunua sokoni Darajani kwa bei iliyonitia shaka. Glasi ya Darajani iligeuka nyekundu kabla sijaiweka mezani, na baada ya dakika chache nyuzi zake zilikuwa nyeupe na tepetepe. Ya Muscat ilikaa kimya mwanzoni, kisha mikanda ya njano ikaanza kushuka kutoka kwenye kila uzi, maji yakawa ya dhahabu polepole, na nyuzi zenyewe zikabaki nyekundu, zimepanuka upande mmoja mfano wa tarumbeta. Nikaonja: ilikuwa chungu. Zafarani yenye utamu imepakwa asali au sukari ili iongezeke uzito.

Mama mdogo alifurahi kwamba yake imepita. Mimi nilikuwa nafikiria mzazi mwingine, katika nyumba nyingine, ambaye ameacha vidonge vyake na anakunywa ndevu za mahindi.

Nilichomwandikia

Hatimaye nilimwandikia mdogo wangu barua ndefu kwenye simu. Nilimwambia kwamba mama yake hajabuni jambo, kwamba kuna ushahidi wa kweli lakini mdogo, kwamba ushahidi huo ni wa kidonge chenye kipimo na si wa kikombe, na kwamba hakuna jaribio nililolisoma linalomwambia mtu aliyeanza kupata nafuu kwa vidonge aviache. Kuviacha ghafla vidonge vya sonona huleta kizunguzungu, kukosa usingizi na fadhaa, na mtu huona ugonjwa umerudi kwa kishindo. Nilimwambia pia amweleze daktari kuhusu maziwa hayo, kwa sababu inadhaniwa kwamba zafarani hufanya kazi kwa kugusa serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, pale pale dawa yake inapofanya kazi, na kwa sababu kwa wingi inaweza kuongeza nguvu ya dawa za kuzuia damu kuganda na za kushusha presha.

Alimweleza. Daktari hakumcheka, jambo ambalo nalishukuru, kwa maana mgonjwa anayechekwa mara moja hasemi tena anachokunywa nyumbani. Aliuliza inatoka wapi, inatiwa kiasi gani, na kama kuna dawa nyingine anazotumia. Akamruhusu nyuzi chache kwenye maziwa kama kinywaji, vidonge vikiendelea, na akampangia tarehe ya kurudi.

Sasa anacheka tena. Mama mdogo anaamini ni zafarani, na daktari anaamini ni vidonge. Mwenyewe nilipomuuliza alisema kwamba tangu wiki ile mama yake alipoanza kumchukua mtoto usiku, amekuwa akilala saa 5 mfululizo, na kwamba sisi wote watatu hatujamuuliza habari za usingizi.